Helmeti ya Hussam

Natangaza, mbele ya wanaojua kusoma na wale wanaosomewa, kwamba Jumamosi ya pili ya likizo ya Agosti jamaa zetu walikwenda Shimanzi kuchagua helmeti ya kuchomelea vyuma, na kwamba mimi, Hanin, mwenye umri wa miaka kumi na sita na miezi minne, nilishiriki katika uchaguzi huo kwa moyo mweupe, bila chuki wala upendeleo, nikizingatia usalama wa macho ya binadamu na si kitu kingine.

Moyo huo mweupe ulidumu kutoka mlangoni kwetu hadi kona ya kwanza. Konani alikuwa amesimama Hussam, kanzu yake imenyooka kama karatasi mpya, na Ami Aidarus akampa kiti cha mbele garini. Kiti cha mbele kilikuwa changu tangu nilipoacha kukalishwa mapajani.

Ami Aidarus ni ndugu yake baba. Siku za kazi hufuatilia makaratasi ya mizigo bandarini. Akirudi nyumbani kwetu, Mji wa Kale, hupanda juu ya paa, akaunganisha kimashine chake kidogo cha kuchomelea, akatengeneza vitu kwa raha yake: seredani za kuwashia makaa, vyetezo vya kufukizia, vigoda. Hauzi. Huwapa jamaa, nao hupokea kwa sababu ya heshima. Nawajua watu watatu mjini humu ambao seredani zao huchechemea.

Kabla sijapelekwa shule ya bweni huko bara, ambako maji ya kuoga huuma kama nyuki, mimi ndiye niliyekuwa macho ya Ami. Sijisifu, ndivyo kazi ilivyokuwa. Alikuwa na ngao ya kushika kwa mkono, yenye kioo cheusi, na ukishaiweka usoni huoni hata kidole chako mpaka cheche iwake. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, rodi yake, kile kijiti cha chuma kinachotoa cheche, ilikuwa ikitafuta mahali pa kuanzia kama mgeni anayetafuta swichi ya taa. Nilikuwa nasimama nyuma ya bega lake nikimwelekeza. Kushoto kidogo, Ami. Teremsha. Rudi. Hapo. Kisha nageuka, nafumba macho, yeye anasema bismillahi na kuwasha. Tulikuwa tukimaliza seredani moja baina ya Adhuhuri na Alasiri. Aliniambia kuwa hajapata kusikia sauti inayojua upana wa unywele kama yangu, na aliniahidi kwamba nikifika miaka kumi na sita, rodi nitashika mimi.

Miaka kumi na sita niliitimiza Aprili, bwenini, kwa kipande cha mkate kilichopakwa jemu. Agosti nilirudi nyumbani nikapanda paani mbio, nikamkuta Hussam ameshika rodi.

Hussam ni mtoto wa shangazi Jawahir. Ana miaka kumi na minane, anasoma chuo cha ufundi hapa hapa kisiwani, na kila siku anakula chakula cha mchana kwao kama mtu aliyezaliwa na bahati. Makosa yake ni mengi. Anawaamkia wazee kwa kufuata umri wao. Akinywa chai huosha kikombe. Mshono wake wa chuma umelala sawa kama magamba ya samaki, wakati wa Ami unafanana na matapishi ya paka, na Ami badala ya kuona haya huwaonyesha watu. Siku ya kwanza nilimtilia chumvi kwenye kahawa yake, kipimo ambacho shuleni kilimtoa kiranja mkuu bwaloni mbio. Hussam aliinywa yote, akaweka kikombe, akasema, "Ahsante, dada. Kumbe huko bara hunywa hivi." Kesho yake akaniuliza kama naumwa.

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Habari ya helmeti aliileta yeye. Aliniambia Ami mwenyewe, kwa furaha, siku ile ile niliyofika. Zimetoka helmeti, alisema, ambazo kioo chake ni cheupe, waona kazi yako vizuri kabisa, na cheche ikiwaka kinajitia giza chenyewe, upesi kuliko kope. Rodi utaiweka pale unapopataka kwa macho yako mwenyewe. Hakuna tena wa kusimama nyuma na kusema kushoto, kulia.

"Hutasumbuka tena, mwanangu," alisema.

Sikuwa nimesumbuka hata siku moja.

Nisiwachoshe na yaliyopita kifuani mwangu baina ya siku hiyo na Jumamosi. Niseme tu kwamba kumwonea wivu mtu ni jambo la kawaida, hata vitabu vya dini vimeonya, lakini kuionea wivu helmeti ambayo bado haijanunuliwa ni daraja nyingine, na mimi niliifikia.

Duka lenyewe lilikuwa ndani ya ghala, malori yakipita nje hadi kaunta ikatetemeka. Mwenyewe aliitwa Oloo, mtu mnene mwenye mikono ya madoadoa ya moto, aliyechomelea mashua za chuma Liwatoni kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka. Alimsalimu Ami kwa kirefu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza hali ya bandari, ndipo akauliza twataka nini. Ami akamweleza kuwa ni kazi ya kujifurahisha, alasiri moja moja, chuma chembamba, na kwamba hataki kununua helmeti ya bei ya pikipiki.

Oloo akaweka tatu juu ya kaunta. Ile ya bei ya pikipiki aliirudisha mwenyewe kabla hatujaigusa, akisema kioo kipana vile ni cha mtu anayechomelea kutwa. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, haina urembo wowote. Ya pili ilikuwa bei ya chini zaidi, imechorwa mwewe anayetoka motoni.

Mimi nilikuwa nimejitayarisha. Nilisoma habari za helmeti hizi kwenye simu siku nne mfululizo, na nilijua kwamba yule mwewe ni takataka. Kioo chake kilikuwa chembamba kama tundu la barua. Giza lake lilikuwa la kiwango kimoja tu, upende usipende. Betri yake ilikuwa imezibwa ndani kwa gundi, ikifa basi umebaki na ndoo. Kwa hiyo nilimpigania mwewe kwa nguvu zangu zote. Nilipiga hesabu kwamba haitamaliza miezi miwili, kisha Ami atairudia ngao yake, na ngao itanirudia mimi. Nilisimama kama nilivyozoea kusimama kwenye mdahalo wa shule, nikasema kwamba mwewe ni mwepesi, kwamba shingo ya mtu ni amana, na kwamba familia isiyojua kubana matumizi huangamia.

Oloo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Ami.

"Huyu binti anasoma?"

"Bweni," Ami akajibu, kwa fahari.

"Inaonekana," akasema Oloo, akamsogeza mwewe pembeni.

Akatuonyesha. Mwewe alikuwa na macho mawili tu ya kuhisi cheche, chini ya kioo. Ukiinama, mkono wako mwenyewe au bomba likayakinga, helmeti haijui kuwa cheche imewaka, na mwanga unakuingia wote. Ya kijivu ilikuwa na manne, yameuzunguka uso, moja likizibwa mengine yanaona. Betri yake hutolewa ikatiwa nyingine. Pembeni ilikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kuongeza giza au kupunguza, na kingine cha kuifanya ishtuke upesi. Kisha akachukua rimoti ya televisheni ya dukani, akaielekeza kwenye ile ya kijivu, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi papo hapo. Akambonyezea mwewe. Mwewe akafikiri kwanza, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Hussam akauliza, kwa adabu zake, itakuwaje ya kijivu ikikataa kutia giza.

"Wenye kuitengeneza wanasema kioo kinazuia miale mibaya hata kikiwa cheupe," Oloo akasema. "Utaona nyota tu, kama umepigwa picha. Hayo wameandika kwenye boksi. Lakini mimi jicho langu siliachii boksi. Kila mara kabla ya kuwasha, ijaribuni kwa rimoti. Na haya macho yake manne myafute. Yakiziba, hiyo ni kipofu."

Ami akaniambia niijaribu kichwani. Nakiri kwamba hapo moyo wangu uliruka. Nikaivaa. Mtandio wangu ulikuwa wa hariri ya bandia, ule unaoteleza, na ukanda wa ndani haukupata pa kushika. Helmeti ikanishuka puani, kisha kidevuni, nikabaki nimesimama dukani kama paka aliyefunikwa sufuria. Oloo alicheka. Ami alicheka hadi akashika kaunta. Hussam hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alinyoosha mkono kwenye kizungusho cha nyuma, akasema kikikazwa itakaa. Nikamwambia najua kizungusho ni nini. Nikaivua, nikaiweka kaunta.

Yeye akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akavaa. Ikakaa kama iliyomngojea. Akageuza kichwa huku na huku, akainama, akainuka. Ami akamtazama. Natamani ningekuwa na neno la kuueleza mtazamo ule. Ni mtazamo aliokuwa akinitazama mimi pindi mguu wa seredani unaposimama wima na hatuamini.

"Basi," alisema. "Hii ni ya Hussam."

Akalipa. Ami yangu, ambaye huweza kusimama sokoni robo saa kwa ajili ya fungu la mchicha, hakuuliza hata bei ya mwisho.

Tulirudi hivi: Ami kwenye usukani, Hussam kiti cha mbele, helmeti mapajani mwa Hussam, na mimi nyuma pamoja na gunia la vyuma chakavu.

Sasa, nyumbani kwetu kitu kipya hakitumiwi kabla hakijafukizwa. Nguo za Idi, mashuka, mapazia, hata sare zangu za shule. Wenzangu bwenini husema sanduku langu lina harufu ya bi harusi. Anayefukiza ni bibi yangu, Bibi Nasiha, mama yake Ami, na udi huuunga mwenyewe. Huchemsha sukari hadi ikawa shira nzito, akatia vipande vya udi na mafuta mazuri, akaukausha, akauweka kwenye chupa. Moshi wake ukiusogelea sana hukuachia utando unaonata. Tundu lake la kufukizia, lile la fito tunaloliweka juu ya chetezo na kutandaza nguo, limeshika rangi ya hudhurungi hadi unaweza kuandika jina lako kwa ukucha. Nalijua hilo kwa sababu langu limo.

Ami alikuwa amealika watu Jumapili baada ya Alasiri waje kuona helmeti ikifanya kazi. Jumapili hiyo, Adhuhuri imepita na nyumba imelala, nilikwenda kwa Bibi nikiwa nimeibeba kwa mikono miwili kama shahada.

"Bibi, kitu kipya kimeingia nyumbani na hakuna aliyekifukiza."

Bibi akakitazama. "Hicho si cha kufukizwa. Hicho ni cha moto chenyewe."

"Kimetoka kwenye kontena, Bibi. Kimepita mikono mingapi? Na pale dukani kila mtu atia kichwa chake." Akawa bado anasita, nikaongeza la mwisho. "Na Hussam siku hizi asifiwa kila pembe. Wewe wajua watu walivyo."

Bibi akaweka tasbihi chini. "Wasema kweli, mwanangu," alisema. "Kijicho hakikosi."

Nikamletea makaa. Nikamletea tundu. Yeye alitaka kuilaza helmeti ubavu, mimi nikasema uso uwe chini, ukitazamana na moshi, kwa kuwa uso ndio unaotazamwa na watu. Akaniona nina akili. Alitia udi mara ya kwanza, ukaisha. Nikamwambia mara tatu ndiyo sunna ya mambo mengi. Akatia ya pili na ya tatu, akisoma na kupuliza, akimwombea Hussam macho yake, mikono yake na riziki yake. Nilisema amina kila mara. Niandike hilo pia.

Tulipoitoa, uso wote ulikuwa umekuwa rangi ya chai ya rangi. Nikapanda nayo chumbani kwangu, nikachukua kitambaa na maji moto, nikakifuta kile kioo kikubwa cha katikati hadi kikang'aa, ili asiwepo wa kushuku. Yale macho manne sikuyagusa.

Mpango wangu ulikuwa mpole. Watu watakuja, Ami atachukua rimoti kama alivyoagizwa na Oloo, atabonyeza, kioo hakitatia giza. Ami atasema ameuziwa bati, helmeti itarudi Shimanzi, ngao itatolewa kabatini, na mtu mmoja katika ukoo huu atahitajika kusimama nyuma ya bega. Hakuna atakayeumia. Mimi ni mtani, si jambazi. Shuleni niliwahi kuisogeza saa ya kengele mbele nusu saa, watu mia nane wakala chakula cha mchana wakiwa wameshiba uji, na hakuna aliyekufa.

Baada ya Alasiri paa letu lilijaa. Shangazi Jawahir alileta sinia ya vibibi vya mchele na nazi, majirani wawili wakaja na watoto wao, na Bibi akapandishwa ngazi zote tatu na kiti chake. Kazi ya siku ilikuwa seredani yake kubwa, iliyohitaji mguu mpya. Ami alisema maneno machache kuhusu ufundi na vijana, akayarudia, kisha akamwekea Hussam mkono begani.

"Haya, mwanangu. Bismillahi."

Hakutaja rimoti.

Nilikohoa. Nikasema, Ami, Oloo si alituagiza tuijaribu kwanza? Akanijibu kwamba tuliijaribu dukani, na mbele ya macho yangu. Nikasema naweza kuteremka chini mara moja tu nikaileta. Akasema watu wanangoja, nisiwe mwoga kama mwanamke wa mjini, na watu wakacheka, nikiwemo mimi.

Hussam alikwisha kuishusha. Alichuchumaa. Ami akawaambia watu wageuke nyuma, wakageuka. Mimi sikugeuka. Niliuona mkono wake ukitoka na rodi, ukaenda moja kwa moja hadi pale mguu unapokutana na sinia ya seredani, pale pale hasa ambapo ningemwambia Ami "hapo". Haukuyumba. Haukutafuta. Haukumngoja mtu.

Plagi ilikuwa karibu na mguu wangu. Rodi ilikuwa imebakiza upana wa kidole kukigusa chuma. Nikainama, nikaichomoa.

Feni ya mashine ikazunguka polepole ikanyamaza. Watu wakageuka, mmoja mmoja, na kunikuta nimeshika plagi kifuani kama mshumaa.

Nilihutubu. Sijui nilipata wapi pumzi. Nilisema nimesikia harufu ya waya kuungua, kwamba umeme wa nyumba kongwe si wa kuaminiwa, kwamba shuleni tulifundishwa na wazima moto, kwamba ajali haina kinga lakini kinga yafaa kuliko tiba. Ami alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Hussam akaipandisha helmeti juu ya kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokolewa.

"Ahsante, dada," alisema. "Mimi nisingeona."

Ami akaukagua waya wote kwa vidole, kutoka mashine hadi plagi. Mzima. Akakagua soketi. Nzima. Hussam, ambaye hakosi la kufanya, akasema basi kwa kuwa tumesimama, heri helmeti nayo ijaribiwe, akateremka akaja na rimoti. Ami akabonyeza. Kioo cheupe. Akaisogeza karibu, akabonyeza tena na tena, hadi mtoto wa jirani akamwuliza anatafuta stesheni gani.

Shangazi Jawahir akaweka mkono kifuani. Akamshika mwanawe kidevu, akamtazama jicho moja, kisha la pili. "Alikuwa karibu kuwasha," akasema, si kwa yeyote.

Na Ami, mtu mpole, akageuka rangi. Alimpigia Oloo simu mbele yetu sote, sauti ikisikika nje, akamwambia amemuuzia bati, na kwamba macho ya kijana wa watu yalikuwa yaende, na kwamba kesho mji mzima utajua duka lake ni la namna gani.

Hebu tazameni. Mpango wangu ulikuwa umetimia kuliko nilivyoupanga. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ambayo wengine huiona rahisi.

Oloo hakupandisha sauti. "Yafute macho yake, Bwana Aidarus," alisema. "Yale manne. Yafute kwa kitambaa, kisha nambie tena mimi ni mwizi."

Ami akapitisha kidole gumba juu ya jicho moja. Kikanata. Akakitazama, akakinusa, akakitia ncha ya ulimi.

"Sukari," akasema.

"Ni udi wangu huo," Bibi akasema kutoka kitini, kwa furaha. "Nimeifukiza mchana, mara tatu kamili, uso chini, kama Hanin alivyonambia. Hiyo haipati kijicho hata kwa bahati mbaya."

Ami akaipokea helmeti kutoka kwa Hussam, akaigeuza kwenye mwanga wa jua. Aliyatazama yale macho manne, yote manne rangi ya chai. Akakitazama kioo cha katikati, kilichokuwa kinang'aa. Nilimwona akilifikiria jambo hilo hatua kwa hatua, jinsi anavyofuatilia mzigo uliopotea bandarini.

"Mama," akamwuliza Bibi, "na hiki cha katikati ulikifuta wewe?"

"Mimi sikufuta kitu. Ufute udi, wapi na wapi?"

Akamwambia Oloo kwamba atampigia baadaye kumwomba radhi, akakata simu. Kisha akanitazama. Plagi bado ilikuwa mkononi mwangu.

Nikafungua kinywa, na yaliyotoka, Mungu anisamehe, yalikuwa maneno ya paredi ya Jumatatu shuleni. "Kwa niaba yangu binafsi, na kwa masikitiko makubwa..."

"Hanin," Ami akasema.

Jina tu.

Bibi alikuwa bado anaunganisha mambo, na alipomaliza hakunikaripia. Alisema, taratibu, "Nilikuwa nikimwombea dua, mtoto, na wewe wasema amina." Nikatamani anikaripie.

Nikaanza upya bila mapambo. Nikasema nilijua moshi utayaziba. Nikasema kioo nilikifuta mimi, chumbani kwangu, kwa maji moto. Nikasema dukani nilimpigania mwewe kwa sababu nilijua ni mbovu. Nikasema sikutaka mtu aungue, nilitaka ikatae kwenye rimoti, irudishwe, Ami atoe ngao yake ya zamani, halafu aniite. Sauti yangu, inayojua upana wa unywele, ilikuwa haijui hata ikae wapi.

"Nikuite ufanye nini?" Ami akauliza, na niliona kwamba kweli hajui.

"Nikwambie kushoto kidogo," nikasema.

Alitazama chini. Shangazi Jawahir alikuwa ameanza kuwakusanya watoto wa majirani, akiwasukumia ngazini na vibibi vyao.

Hussam ndiye aliyenijia. Kofia yake ilikuwa bado imekunjwa mfukoni na nywele zimelala upande mmoja kwa ajili ya ule ukanda. Safari hii hakuniita dada.

"Ulipouona mkono wangu unakwenda," alisema, "na wewe wajua helmeti haioni. Ulichomoa papo hapo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwa akinitazama wakati ule, wote walikuwa wamegeuka nyuma. Ilikuwa siri baina yangu na plagi.

"La," nikasema. "Nilikuacha kwanza. Pumzi moja. Ulikuwa umepapata mahali penyewe bila kuambiwa na mtu, nikasema moyoni acha awashe. Halafu nikaogopa, nikachomoa. Lakini kwanza nilikuacha."